Kura katika mtandao wa blokcheni: Anahesabiwa mtu au fedha yake?

KATIKA vijiji vya Wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, uamuzi wa pamoja una sura inayofahamika na kila mtu. Watu hukusanyika, hoja husomwa, wenye la kusema husimama na kusema, kisha mikono huinuliwa na kuhesabiwa.

Katika vikundi vya kuweka na kukopa, sura hiyo huongezewa sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku hukaa kwa mwingine, ili asiwepo mtu hata mmoja awezaye kulifungua peke yake.

Ipo teknolojia ambayo wanaoieneza wanasema inaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa maelfu ya watu wasiojuana, walio katika nchi mbalimbali, pasipo mwenyekiti, pasipo mweka hazina na pasipo sanduku. Teknolojia hiyo ni blokcheni, ambayo jina lake husikika zaidi pale zinapotajwa sarafu za kidijitali kama Bitcoin.

Madai hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, kura inayopigwa katika mtandao huo inatofautiana na ile ya kijijini katika jambo moja la msingi, na kikundi chochote chenye fedha za wanachama kinapaswa kulielewa jambo hilo kabla ya kuvutiwa na jina la teknolojia.

Mkono mmoja, kura moja

Mkutano mkuu wa kijiji nchini Tanzania una nguvu ya kisheria. Ulianzishwa kwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975, na leo unaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliuongezea mkutano huo uzito. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, lakini haiwezi kumgawia mtu ardhi ya kijiji bila mkutano mkuu kuridhia kwanza.

Wakazi wa nyanda za juu za Kigoma wanajua maana ya uamuzi kupitishwa bila wao kuulizwa. Operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji ilianza mkoani humo mwaka 1972, miaka mitatu kabla ya sheria kuutambua mkutano mkuu wa kijiji.

Katika mkutano huo, mwenye ekari 50 na mwenye nusu ekari wana mkono mmoja kila mmoja. Ndivyo ilivyo pia katika vyama vya ushirika, ambavyo Sheria ya mwaka 2013 inavitaka viendeshwe kwa kanuni ya mwanachama mmoja kura moja.

Vikundi vya kuweka na kukopa vina mafunzo zaidi katika suala hili. Mfumo wao ulianza kuenezwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukafika Tanzania, na ndugu zake wa karibu ni vikundi vinavyojulikana kwa jina la VICOBA.

Kwa kawaida mwanachama hununua kati ya hisa moja na tano katika kila kikao. Mwisho wa mzunguko, mwenye hisa nyingi hupata mgawo mkubwa zaidi. Lakini wakati wa kuchagua viongozi au kubadili katiba ya kikundi, hisa zake huwekwa kando; naye hupiga kura moja kama wenzake.

Kwa maneno mengine, vikundi hivyo vimetenganisha mambo mawili: faida hufuata fedha, na kura humfuata mtu. Ni utengano huo unaopotea mara nyingi pale kura inapohamia katika blokcheni.

Daftari lenye nakala nyingi

Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza kujua blokcheni ni nini. Kwa lugha nyepesi, ni daftari la kumbukumbu ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, zinazomilikiwa na watu tofauti.

Kila ukurasa mpya wa daftari hilo hubeba alama inayotokana na ukurasa uliotangulia. Mtu akifuta au kubadili mstari mmoja wa zamani, alama zote zinazofuata hukataa kuoana, na kompyuta nyingine huutambua udanganyifu huo na kuikataa nakala yake.

Ni kama vile kila mwanachama wa kikundi angekuwa na daftari lake la hisa, na katika kila kikao wote wakasomeana. Katibu mmoja akichana karatasi usiku, asubuhi madaftari ya wenzake yatamuumbua.

Mtandao wa kwanza wa namna hiyo, Bitcoin, ulianza kufanya kazi Januari 2009. Tangu mwanzo ulikabiliwa na swali gumu: kama hakuna mkubwa, ni nani mwenye haki ya kuandika ukurasa unaofuata?

Jibu rahisi lingekuwa kuipa kila kompyuta kura moja. Lakini katika intaneti mtu mmoja anaweza kujifanya watu elfu moja kwa dakika chache, kwa kuwa hakuna mjumbe wa nyumba kumi anayemjua kwa sura wala jirani anayejua alikozaliwa.

Kwa sababu hiyo Bitcoin iliamua kuhesabu kazi inayofanywa na kompyuta, ambayo hugharimu umeme mwingi na kwa hiyo haiwezi kughushiwa. Mtandao wa Ethereum ulitumia njia hiyo hadi Septemba 2022, ulipohamia utaratibu wa kuhesabu sarafu ambazo mtu ameziweka rehani.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Mtandao usiowajua watu hauwezi kuhesabu watu, hivyo hulazimika kuhesabu kitu kingine kisichoghushika kwa urahisi. Kitu hicho, kwa sehemu kubwa, ni mali.

Hatua za kupitisha uamuzi

Juu ya madaftari hayo, watu wameunda jumuiya zinazoendesha mifuko ya fedha kwa kura. Kanuni za jumuiya huandikwa kama programu ya kompyuta, na programu hiyo ndiyo inayoshika fedha.

Utaratibu wake hauko mbali sana na ule wa mkutano wa kijiji. Kwanza, mwanachama hutoa hoja, kwa mfano kwamba kiasi fulani kitolewe kulipia kazi fulani. Mara nyingi hutakiwa kuwa na kiwango fulani cha tokeni, yaani vipande vya kidijitali vinavyoonyesha uanachama wake, ili kuzuia hoja za mzaha.

Pili, hoja hujadiliwa kwa siku kadhaa. Tatu, kura hupigwa: kila mwanachama hutia saini kwa ufunguo wake wa siri, ambao ni mfano wa namba ya siri ya simu ila ni mrefu zaidi, na daftari huandika uamuzi wake.

Nne, programu huangalia kama akidi imetimia na kama wanaokubali wamefikia kiwango kilichowekwa, ambacho chaweza kuwa nusu au theluthi mbili. Tano, kwa jumuiya zenye busara, huwapo muda wa kusubiri kabla ya uamuzi kutekelezwa, ili walioshtuka wapate nafasi ya kuhoji au kuondoa fedha zao.

Hatua ya sita ndiyo isiyokuwapo kijijini. Programu hutekeleza yenyewe. Fedha hutoka bila mweka hazina kutia saini, wala hayupo mwenye uwezo wa kuchelewesha kwa kusingizia kuwa amesafiri.

Faida zake ni dhahiri. Matokeo hayawezi kubadilishwa njiani kati ya kituo cha kuhesabia na ofisi, hesabu za mfuko ziko wazi kwa kila mwenye kutaka kuzisoma, na kiongozi hawezi kutoroka na daftari.

Hesabu ya hisa 260

Tatizo liko katika uzito wa kura. Katika jumuiya nyingi za aina hiyo, tokeni moja ni kura moja, na mwenye tokeni elfu moja ana kura elfu moja.

Chukua kikundi cha kufikirika chenye wanachama 25 wanaokutana kila wiki kwa mwaka mzima. Watatu wana uwezo, hivyo hununua hisa tano kila wiki na kufikisha hisa 260 kila mmoja katika wiki 52. Waliobaki, 22, hununua wanapopata, na kila mmoja anafikisha hisa 35.

Kwa utaratibu wa kawaida wa kikundi, watatu hao wana kura tatu kati ya 25. Lakini hisa zao zikijumlishwa ni 780, ilhali za wenzao 22 ni 770. Kama kura ingefuata hisa, watatu wangeamua kila jambo, na kikao cha 22 kingekuwa cha kusikiliza tu.

Hali halisi katika mitandao hiyo imekuwa kali kuliko mfano huu. Kampuni ya uchambuzi ya Chainalysis ilichunguza jumuiya kubwa 10 za aina hiyo mwaka 2022 na kubaini kwamba chini ya asilimia moja ya wenye tokeni walishika asilimia 90 ya nguvu za kura.

Aidha, kura inayofuata mali inaweza kununuliwa, na hata kukopwa. Tukio la Aprili 17, 2022 katika mradi uitwao Beanstalk lilionyesha hatari hiyo waziwazi.

Mtu mmoja aliwasilisha hoja katika mradi huo, akasubiri siku moja iliyotakiwa na kanuni, kisha akakopa kwa mkupuo sarafu zenye thamani ya takriban dola bilioni moja za Marekani. Kwa mkopo huo alijipatia zaidi ya theluthi mbili ya kura, akaipitisha hoja yake mwenyewe, akauzoa mfuko na kurejesha mkopo. Tangu kukopa hadi kurejesha, yote yalifanyika katika muamala mmoja, ndani ya sekunde chache.

Mradi ulipoteza takriban dola milioni 182. Hakuna kufuli lililovunjwa: programu ilihesabu kura, ikaona zimetosha, ikatekeleza kama ilivyoagizwa.

Kikundi chenye sanduku la chuma kisingeibiwa kwa njia hiyo. Mgeni anayeingia kikaoni na gunia la fedha za kukopa, akitaka apewe theluthi mbili ya kura kabla ya jua kutua, angetolewa nje kabla hajamaliza kujitambulisha.

Wanapokosa kukubaliana

Swali jingine ni kile kinachotokea wanachama wanapogawanyika. Kijijini, upande ulioshindwa hubaki kijijini, kwa kuwa mashamba hayahamishiki. Katika blokcheni, upande ulioshindwa unaweza kuchukua nakala ya daftari na kwenda zake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Bitcoin mwaka 2017. Baada ya miaka ya mabishano kuhusu ukubwa wa kurasa za daftari lake, kundi moja lilijitenga Agosti 1 mwaka huo na kuanzisha sarafu iitwayo Bitcoin Cash. Hapakuwa na kura moja rasmi iliyohitimisha suala hilo. Kila mwenye kompyuta alichagua programu ya kuendesha.

Mwaka mmoja kabla, Ethereum ilikuwa imepitia mtihani mkubwa zaidi. Mfuko wa uwekezaji ulioitwa The DAO ulikusanya sarafu zenye thamani ya takriban dola milioni 150 mwaka 2016, ukiahidi kwamba wenye tokeni ndio watakaoamua kwa kura mahali pa kuwekeza.

Juni 17 mwaka huo, mtu aliyegundua dosari katika programu yake alianza kuhamisha fedha, na akafanikiwa kuondoa takriban sarafu milioni 3.6. Mjadala mkali ukazuka. Wapo waliosema programu ndiyo sheria, na iliyoruhusu ndiyo imeruhusu. Wengine walisema nia ya wanachama ni kubwa kuliko maandishi yenye kasoro.

Ikaitishwa kura ya maoni iliyopimwa kwa sarafu, nayo ikaunga mkono fedha zirejeshwe, ingawa walioshiriki walikuwa na sehemu ndogo tu ya sarafu zote. Julai 20, 2016 daftari lilibadilishwa ili kuzirejesha. Waliokataa waliendelea na daftari la zamani, ambalo hadi leo huitwa Ethereum Classic.

Funzo lake ni kwamba hata mtandao uliojengwa ili kuondoa hitaji la kuaminiana ulilazimika, siku ya shida, kurudi kwenye mazungumzo ya watu. Daftari lisilofutika lilibadilishwa kwa sababu wengi wa waliolitunza walikubaliana kulibadilisha.

Tiba zinazojaribiwa

Waasisi wa mitandao hiyo hawajakaa kimya. Njia mojawapo ni kupunguza uzito wa mali kwa kukokotoa kipeuo cha pili, ili tokeni nne zitoe kura mbili, tokeni tisa zitoe kura tatu, na kuendelea hivyo.

Kwa mfano wa kikundi cha watu 25, kila mwenye hisa 260 angekuwa na nguvu ya kura takriban 16, na kila mwenye hisa 35 takriban sita. Wale watatu wangekuwa na jumla ya 48, na wale 22 wangekuwa na 130. Wengi wangerudishiwa sauti yao.

Lakini njia hiyo ina tundu. Mwenye hisa 260 akizigawa katika majina 26 ya uongo, kila moja likiwa na hisa 10, nguvu yake inaruka kutoka 16 hadi 82. Kwa hiyo inafaa pale tu ambapo watu wanatambulika, jambo ambalo kikao cha kijiji hulipata bila gharama yoyote.

Njia ya pili ni funguo nyingi, ambapo mfuko haufunguki hadi, kwa mfano, watu watatu kati ya watano watie saini. Mwanachama wa kikundi cha Kasulu ataitambua mara moja, kwa kuwa ni yale makufuli matatu kwa umbo la kidijitali.

Njia ya tatu ni uwakilishi. Mwenye tokeni asiyekuwa na muda wa kusoma kila hoja humkabidhi mtu mwingine uzito wa kura yake, akibaki na haki ya kuuondoa siku yoyote bila kusubiri uchaguzi.

Mfano wa njia hiyo uligusa Afrika Mashariki mwaka 2024. Mtandao wa Cardano, uliokuwa umefanya warsha katika nchi nyingi za dunia kuandaa katiba yake, uliwakutanisha wajumbe kuanzia Desemba 4 hadi 6 mwaka huo katika miji miwili kwa wakati mmoja: Buenos Aires, Argentina, na Nairobi, Kenya.

Katiba hiyo ilipigiwa kura ndani ya mtandao wenyewe na kuanza kutumika Februari 2025. Inagawa mamlaka kwa makundi matatu: wawakilishi waliokabidhiwa kura na wenye sarafu, waendeshaji wa kompyuta zinazotunza daftari, na kamati ya katiba inayoangalia kama hoja zinakiuka misingi iliyokubaliwa.

Mgawanyo huo unakaribia ule wa serikali za kawaida, wenye mihimili inayochungana. Hata hivyo, uzito wa mwakilishi bado hupimwa kwa wingi wa sarafu alizokabidhiwa, wala hautazami idadi ya watu waliomwamini.

Mifano ya jirani

Kwa wananchi wa kipato cha chini, jaribio la karibu zaidi limefanyika Kenya. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, ili biashara iendelee hata shilingi zinapoadimika. Wahusika walikamatwa kwa tuhuma za kughushi, na mashtaka yakaja kufutwa.

Shirika la Grassroots Economics lililosimamia mpango huo lilihamishia vocha katika blokcheni kuanzia mwaka 2018, kwa jina la Sarafu, zikitumika kwa simu za kawaida zisizo na intaneti. Mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, zilitumika pia katika mitaa ya Mukuru jijini Nairobi kwa ushirikiano na Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Katika mpango huo, uamuzi kuhusu nani ajiunge na vocha idhaminiwe na bidhaa zipi umeegemea vikundi vya watu wanaojuana, wanaokutana ana kwa ana. Daftari la kidijitali hutunza kumbukumbu, na uaminifu hutoka katika chama.

Hata hapo pana jambo la kuangalia. Mwenye simu ya kitochi hawezi kutunza ufunguo wake wa siri ndani ya simu hiyo. Huutunziwa na mfumo unaoendesha huduma. Kwa hiyo bado anamtegemea mtu wa kati, kama anavyoitegemea kampuni ya simu anapotuma fedha.

Upo pia mfano unaoonyesha kwamba blokcheni yaweza kuwapo bila kura ya mwananchi kabisa. Mwaka 2017 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kutumia teknolojia hiyo katika kambi ya Azraq, nchini Jordan, kulipia manunuzi ya wakimbizi kutoka Syria. Mfumo ulisaidia kupunguza gharama za benki, lakini wakimbizi hawakuwa na sauti katika kanuni zake.

Kwa Kasulu na Kibondo mfano huo si wa mbali. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kupokea wakimbizi kutoka Kongo, na Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Mpango wa kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula ulianza mwishoni mwa mwaka 2016 na kusitishwa mwaka 2017, na wachuuzi wa vijiji vya jirani waliozoea wateja hao walipata habari kama walivyopata wengine: baada ya uamuzi kutolewa.

Daftari bora zaidi duniani lisingebadili jambo hilo. Uwazi wa kumbukumbu na haki ya kuamua ni vitu viwili tofauti.

Siri, simu na sheria

Yapo mambo mengine matatu ambayo wenye vikundi wanapaswa kuyapima. La kwanza ni siri ya kura. Katika mitandao mingi ya blokcheni, kila kura huonekana na hubaki ikionekana daima. Akijulikana mwenye anwani fulani, hujulikana pia alivyopiga kura miaka yote, na anayetaka kumhonga au kumtisha ana uthibitisho mkononi.

La pili ni chombo chenyewe. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea umeme wa majenereta ya dizeli kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa, na katika kaya nyingi simu ni moja. Simu hiyo ikikaa mfukoni mwa baba, kura ya mama inakaa humo humo. Na ufunguo wa siri ukipotea, hakuna ofisi ya kwenda na barua ya mtendaji wa kijiji ili upewe mwingine.

Zipo huduma za simu zinazokaribia lengo hilo bila blokcheni. M-Koba, iliyoanzishwa nchini mwaka 2019, huwezesha kikundi kuweka fedha zake kwa simu na kuzitoa kwa idhini ya wanachama zaidi ya mmoja. Tofauti yake ni kwamba daftari liko kwa kampuni na benki, ambazo zina anwani, zina msimamizi na zinaweza kushtakiwa.

La tatu ni sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae kwa mabadiliko ya teknolojia hiyo, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia tatu katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi hakumaanishi kuwa mali hiyo ina dhamana ya serikali.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya fedha katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Kikundi kinachohamisha akiba yake kwenda katika tokeni kinaondoka chini ya mwavuli huo, na likitokea la kutokea, ofisa maendeleo ya jamii wa wilaya hatakuwa na daftari la kukagua.

Watanzania hawajasahau mwaka 2009, wakati upatu wa DECI ulipoporomoka na kuwaacha maelfu ya watu wakidai fedha walizopanda. Wanaobuni upatu mpya hupenda maneno mapya, na neno blokcheni limekwisha kuwa moja ya hayo.

Maswali ya kuuliza kikaoni

Akija mtu katika kikundi cha Kasulu au Kibondo akipendekeza akiba ihamie katika mtandao wa namna hiyo, yapo maswali matano yanayotosha kuutenganisha mpango wa kweli na maneno matupu.

Mosi, anahesabiwa nani: mwanachama au tokeni zake? Pili, ni nani mwingine anaweza kununua au kukopa tokeni hizo, na je, akizipata leo anaweza kupiga kura leo? Tatu, ufunguo anautunza nani, na ukipotea kuna utaratibu gani?

Nne, baada ya kura kupita, kuna siku ngapi za kusubiri kabla fedha hazijatoka, na nani anaweza kusimamisha? Tano, programu ikiwa na kosa, wanachama watalalamika wapi, na kwa lugha gani?

Mpango ambao majibu yake yanaeleweka na mwanachama asiyejua kusoma unastahili kujadiliwa. Ule ambao mwenye kuuleta anajibu kwamba kompyuta ndiyo inayojua, haujafikia kiwango ambacho vikundi hivi vimejiwekea kwa sanduku la chuma.

Blokcheni imetoa jawabu zuri kwa swali la zamani la kumbukumbu: namna ya kumzuia katibu asibadilishe daftari. Swali la nani awe na sauti, na kwa uzito gani, halijajibiwa na mashine. Bado linajibiwa na katiba ya kikundi, na katiba hiyo huandikwa na wanachama wenyewe, kifungu kwa kifungu, kabla fedha haijawekwa mahali popote.